Paipu ya maji ya throto: kuiacha, kuipitisha pembeni au kuiziba?

Fundi wangu wa Ndeeba aliinua paipu mbili nyembamba za mpira kwa ncha ya bisibisi, kila moja unene wa kidole cha mwisho, akaniuliza: "Kaka, hizi tuzirudishe, au tuachane nazo leo leo?" Throto ya Impreza yangu ilikuwa mezani, imefunguliwa ili isafishwe. Chini yake palikuwa na vibomba viwili vya chuma, kimoja cha kuingizia maji ya injini na kingine cha kutolea. Kile cha kuingizia kilikuwa kimejaa kutu nyekundu kama udongo wa Mukono, tundu limebaki dogo kiasi cha kupitisha njiti ya kiberiti.

Swali hilo huwafikia wengi wenye magari ya mbio hapa Kampala, wawe na Impreza ya Subaru, Integra ya Honda, Celica ya Toyota au Roadster ya Mazda. Gereji moja itakuambia toa, hilo ni jambo la nchi za theluji, na gari litapata nguvu. Gereji ya pili itakuambia usiguse, Mjapani hakuweka paipu kwa mapambo. Mimi nimeifanya kazi hii kwenye gari langu, nimesaidia kuirudisha kama ilivyokuwa kwenye gari la shemeji yangu, na nimesimama barabarani na jirani ambaye gari lake lilichemka kwa sababu yake. Kwa hiyo nalinganisha nikiwa nimeona pande zote, na nasema mapema kwamba jibu la Impreza silo jibu la Integra.

Maji yanafanya nini pale

Throto ni mlango wa hewa ya injini. Ndani yake kuna kipepeo, kisahani cha chuma kinachozunguka ukikanyaga mafuta. Hewa ikijipenyeza kwenye upenyo mwembamba kando ya kisahani hicho inakwenda kasi, presha yake inashuka, na joto linashuka pamoja nayo. Penye baridi kali na unyevu, unyevu huo unaweza kuganda ukingoni mwa kipepeo hadi kikakwama. Kikikwama wazi wakati dereva ameshaachia mafuta, watu wanaweza kufa. Ndiyo sababu watengenezaji wakapitisha maji ya moto ya injini, ya digrii 80 hadi 95 hivi, ndani ya kitako cha throto.

Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili haitajwi sana gereji, nayo ndiyo inayowatesa watu baada ya paipu kutolewa. Kwenye injini kadhaa za miaka ya 1990, Honda nyingi zikiwemo, na Toyota na Mazda fulani, maji hayo hayo ndiyo yanayoiarifu throto kwamba injini imeshapata moto. Chini ya throto kuna vali yenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi nta imejikunyata, vali iko wazi, hewa ya ziada inapita, na sailensi, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa hauko kwenye mafuta, inakaa juu ili gari lisizime asubuhi. Maji yakipata moto nta inavimba, inaisukuma vali ifunge, sailensi inashuka mahali pake. Hapo hakuna waya wala kompyuta, ni nta na maji tu.

Kwa hiyo kabla hujauliza kama Uganda kuna barafu, uliza kwanza throto yako ina vali ya nta au haina. Watu wengi huanza na barafu kwa sababu ndiyo habari wanayoikuta kwa Wazungu na Wajapani, na swali la nta linawapita.

Barafu, kuanzia Kampala hadi Kabale

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya baridi tunapata digrii 17 hivi, mchana tunavuka 27. Injini nyingi za injekta hunyunyizia petroli mbali na throto, karibu na vali za silinda au ndani ya silinda yenyewe, kwa hiyo hewa inayopita kwenye kipepeo inapoa kidogo tu. Kwa joto letu haikaribii kuganda. Kabale usiku hushuka hadi digrii 10 hivi, na barabara ya kwenda Kisoro inapanda zaidi ya mita 2,000 huku ukungu ukiwa umelala milimani hadi saa tatu asubuhi. Nimeipita barabara hiyo alfajiri throto yangu ikiwa haina maji, mikono imekufa ganzi kwenye usukani, na kipepeo kilifunga na kufunguka kama kawaida. Barafu ya kweli ya Uganda iko juu Rwenzori, na huko gari haliendi.

Kabureta, kile kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya petroli na hewa, ni habari nyingine kabisa. Mle petroli inageuka mvuke pale pale panapopita hewa, na mvuke huo unanyonya joto kwa nguvu. Hewa inaweza kushuka digrii 20 na zaidi. Marubani wa ndege ndogo wanafundishwa kwamba kabureta huweza kuganda hata siku ya digrii 20 ikiwa hewa ina unyevu mwingi, na hewa yetu ya Machi hadi Mei ina unyevu wa kutosha. Mwenye Datsun au Peugeot ya zamani ya kabureta, ambayo manifoldi yake (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) inapashwa moto kwa maji, asiruhusu mtu kuyakata maji hayo. Kwake hayo maji yana kazi hata kwenye ikweta.

Nguvu, kwa hesabu

Sasa tuje kwenye kile kinachowavuta watu. Chukua injini ya lita 2.0 isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu), ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa hadi sakafuni. Inavuta kama lita 100 za hewa kila sekunde. Kwenye throto ya kipenyo cha milimita 60, hewa hiyo inapita kwa kasi ya mita 35 hivi kwa sekunde, na kitako chenye moto kina urefu wa sentimita 6 tu. Ukigawanya unaona kwamba hewa inakaa mle chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde. Pitisha mkono haraka juu ya sigiri ya mkaa uone kama utaungua.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya joto linaloweza kuingia kwenye hewa hiyo, ukuta wa throto ukiwa digrii 80 na hewa ikiwa 35. Nilipata kama nusu digrii. Nusu digrii ina maana gani? Kila digrii 3 za hewa ya kuvuta ni takriban asilimia 1 ya nguvu. Kwenye gari la nguvu za farasi 200, nusu digrii ni theluthi moja ya farasi mmoja.

Iweke theluthi hiyo kando ya mwinuko wetu. Gari lile lile lisilo na tabo likitoka Mombasa kuja Kampala linakuta hewa nyepesi kwa karibu asilimia 12. Farasi 200 za pwani zinakuwa kama 175 hapa, na ukipanda Kabale zinapungua tena. Huo ndio mzigo tunaobeba sisi wa nyanda za juu kila siku. Kipande cha paipu hakiwezi kuuondoa.

Kwenye gari la tabo hoja inazidi kudhoofika. Tabo inaibana hewa na kuipandisha joto hata kupita digrii 100 ikiwa imesukumwa sana, kisha intakula, kipozeo chenye mapezi kama rejeta, inaipoza, halafu ndipo inafika kwenye throto. Mwenye tabo akitaka hewa baridi aangalie intakula: mapezi yake yamejaa vumbi na wadudu wa safari ya Masaka au ni safi? Hapo kuna digrii nyingi za kuokoa, tena kwa brashi laini na maji ya bomba.

"Lakini mbona gari la fulani limekuwa jepesi baada ya kutoa?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na wanaouliza hawadanganyi. Ila angalia siku hiyo kulifanyika nini kingine. Ili kufikia paipu zile fundi alifungua throto. Akaiona ni nyeusi, akaisafisha. Akafungua betri, na kompyuta ya gari ikaanza kujifunza upya. Labda alibadilisha na filta ya hewa, maana ilikuwa mkononi. Gari likatoka jepesi kweli, na sifa zote zikapewa paipu. Mimi mwenyewe nilihisi wepesi huo, na najua throto yangu ilikuwa na lami ya miaka.

Wengine huleta skana kama ushahidi: joto la hewa lilikuwa hivi, sasa ni hivi. Kwenye Impreza yangu sensa ya joto la hewa imekaa pamoja na ile inayopima kiasi cha hewa, karibu na filta, mbali sana na throto. Magari mengi yako hivyo. Sensa hiyo inapima hewa kabla haijafika kwenye throto, kwa hiyo haiwezi kuona tofauti iliyoletwa na paipu. Ikionyesha namba ndogo zaidi, basi jua lilikuwa limejificha au foleni ilikuwa fupi.

Nisiifiche faida pale ilipo. Kwenye jamu ya Entebbe Road, umekwama Kibuye dakika ishirini, hewa inapita polepole na throto inapata muda wa kuipasha moto. Njia ikifunguka ukakanyaga, sekunde chache za mwanzo zina hewa ya moto kuliko inavyotakiwa. Ukitoa maji, throto inakuwa baridi kidogo katika hali hiyo. Kidogo, kwa sababu bado imefungwa kwa boliti kwenye manifoldi ya aluminiamu yenye moto, na boneti nzima ni tanuri. Nilijaribu kwa kiganja. Nikitoka barabara ya kasi ya Entebbe, zamani sikuweza kuishika throto hata nikahesabu hadi tatu. Sasa naishika bila kuondoa mkono. Lakini nikitoka kwenye foleni ya Clock Tower, ni ile ile ya zamani, haishikiki.

Magari mawili, kazi moja

Impreza yangu ni ya 2002, lita 2.0 yenye tabo. Vali yake ya sailensi inaendeshwa na kompyuta kwa umeme. Maji yalipita pale kwa ajili ya baridi tu. Baada ya kuyapitisha pembeni, sailensi ya asubuhi ilipanda kama zamani, ikashuka kama zamani, taa ya injini haikuwaka. Ungeniletea gari bila kufungua boneti nisingejua kama limeguswa.

Shemeji yangu aliona, akapenda. Ana Integra ya miaka ya 1990, gari analolipenda kuliko kitanda chake, akampelekea fundi mwingine afanye vile vile. Jioni akanipigia simu: "Shemeji, gari linapumua." Nilipofika kwake Bweyogerere nikalisikia kabla sijalifikia. Injini inapanda hadi 1,800, inaanguka hadi karibu na 1,000, inapanda tena, kama mtu aliyekimbia ngazi. Geji ya joto iko katikati, injini ina moto wa kutosha, lakini haitulii.

Ilikuwa nta. Maji hayakufika tena kwenye vali, nta ikabaki baridi, vali ikabaki wazi, hewa ya ziada ikaendelea kupita. Kompyuta ikasoma: maji ya injini yana moto, mguu hauko kwenye mafuta, lakini injini inazunguka kwa kasi, basi dereva yuko mteremkoni, kata petroli. Ikikata, injini inaanguka. Ikianguka, inarudisha petroli, na hewa ipo tele, inapanda tena. Siku ya pili alimaliza petroli ambayo kwa kawaida humpeleka siku tatu, na fundi alikuwa ameshaanza kumwambia anunue sensa.

Tukazirudisha paipu mbili mahali pake, tukatoa upepo kwenye maji, tukawasha. Dakika kumi baadaye Integra ilikuwa imetulia kwenye 750, na shemeji amekaa kwenye ngazi ya nyumba akiisikiliza tu, hasemi kitu.

Wapo wanaotoa na vali yenyewe na kuiziba kwa kisahani cha chuma, hapo gari halipumui tena. Sawa, lakini asubuhi itabidi ushike mafuta kwa mguu hadi injini ipate moto. Kwa mwenye gari la mashindano pekee hilo si tatizo. Kwa mwenye kumpeleka mtoto shule saa kumi na mbili na nusu, sioni kwa nini ajitafutie.

Kuziba ni kitu kingine

Hapa nataka kusema taratibu, kwa sababu mafundi wengine huchanganya kazi mbili tofauti na kuziita jina moja. Kupitisha pembeni ni kuchukua paipu ya kuingiza na paipu ya kutoa, ukaziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Maji yanaendelea kuzunguka, ila hayagusi throto. Kuziba ni kufunga kila ncha kwa kizibo, maji yanasimama.

Jirani yangu alizibiwa. Gereji aliyokwenda ilimwekea vizibo vya mpira, vile vidogo vyeusi vya kufunga mirija ya upepo kwenye manifoldi. Vizibo hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya mvuto wa hewa, havikutengenezwa kwa maji ya moto yenye presha. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha ya karibu bar 0.9 hadi 1.1. Mpira ule ulikaa wiki chache, ukakauka, ukapasuka karibu na Kajjansi gari likiwa kwenye kasi. Alipoona geji, ilikuwa imeshapanda. Nilimkuta kando ya barabara, boneti juu, mvuke, na harufu ile tamu ya kulanti, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, iliyoungua. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ikaondoka, na pamoja nayo fedha za miezi kadhaa.

Hapa mwinuko wetu unaingia tena, na safari hii unauma. Mombasa maji ya wazi huchemka kwa digrii 100. Kampala huchemka kwa 96 hivi, Kabale chini ya 94. Kifuniko kikishika presha vizuri, maji ya Kampala hayachemki hadi karibu digrii 116 na zaidi, na kulanti inasogeza mbele tena. Presha ikitoka kwa tundu moja tu, unarudi kwenye 96, na injini yako inafanya kazi karibu na 90 siku zote. Mtu wa pwani aliyepasukiwa na paipu ana digrii kumi za kukimbilia. Wewe unazo sita. Kwa hiyo kila kiungo unachoongeza au kubadilisha kwenye njia ya maji, kifanye kana kwamba injini nzima inakitegemea, maana ndivyo ilivyo.

Kuna na injini ambazo paipu hiyo si njia ya pembeni hata kidogo. Kazi hii ilipata umaarufu mkubwa Marekani kwa wenye Corvette za kuanzia 1997 na Camaro za kuanzia 1998, zenye injini ya V8 iitwayo LS1. Mle, paipu inayofika kwenye throto inatoka kwenye hedi za silinda ikiwa imebeba mvuke na mapovu, inapita throto, inakwenda kwenye rejeta. Ukiiziba, mvuke unakosa pa kutokea, unakaa juu ya silinda, na hedi inaungua sehemu moja huku geji ikionyesha usalama. Wamarekani hao walikuwa wanaunganisha, hawazibi. Maelezo yao yalipofika huku, neno la kuunganisha lilipotea njiani.

Fedha ile ile kwingine

Kupitisha pembeni kulinigharimu chini ya shilingi 20,000: kipande cha paipu ya hita na klipu mbili nzuri kutoka soko la vipuri la Kisekka. Si fedha nyingi. Lakini mtu anayetafuta nguvu au usalama wa joto, ningemwomba aangalie mambo haya kabla ya paipu.

Kile kibomba cha kutu nyekundu kilinisikitisha kuliko kitu kingine chochote siku ile. Mwenye gari wa kabla yangu alikuwa akijaza maji ya bomba kwenye rejeta miaka yote. Kutu iliyoziba tundu la throto ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaziba mirija ya rejeta na hita. Tuliosha mfumo mzima hadi maji yakatoka meupe, mara tano, tukaweka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Geji ikashuka mstari mmoja kwenye mlima wa Seeta. Hiyo nimeiona kwa macho, sikuhitaji hesabu.

Thermostati nayo, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Gereji nyingi huku zikiona gari linachemka huing'oa thermostati na kusema ni ya nchi za baridi, maneno yale yale ya paipu ya throto. Gari bila thermostati linachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya asubuhi, injini inalika. Ukikuta fundi anayetoa vitu kwa sababu "sisi hatuna theluji", muulize kwanza kitu hicho kinafanya kazi gani. Akikueleza vizuri, mwachie gari.

Halafu kuna mahali filta inapovutia hewa. Wengi hununua filta ya mviringo inayong'aa, wakatoa boksi la plastiki, na sasa injini inavuta hewa ya ndani ya boneti, nyuma ya rejeta. Hewa ile kwenye jamu inaweza kuzidi ya nje kwa digrii 20 na zaidi. Kwa ile kanuni ya digrii 3, hiyo ni asilimia 6 au 7 ya nguvu uliyoitoa kwa mikono yako, kisha unahangaika na nusu digrii ya throto. Rudisha boksi, au vuta mrija hadi mbele ya rejeta panapopiga upepo. Gasketi nene ya kuzuia joto kati ya throto na manifoldi nayo inasaidia kuliko kutoa maji peke yake, ila ukiwa na manifoldi ya plastiki, plastiki yenyewe ni kizuizi tosha.

Ningechagua nini

Ningekuwa na gari la vali ya nta, ningeiacha paipu na kubadilisha mipira yake ikiwa imezeeka. Kabureta vile vile. Gari la injekta lenye vali ya umeme, au throto ya umeme kabisa, lipo huru: unaweza kupitisha pembeni bila hasara hapa Uganda, na sababu nzuri ya kufanya hivyo si nguvu. Sababu nzuri ni kwamba mipira ya miaka ishirini imekauka na ya kampuni haipatikani, au kitako cha throto kimeliwa na kutu na kulanti imeanza kuvujia ndani ya njia ya hewa, au unafungua throto mara kwa mara kwa sababu ya mashindano na umechoka kumwaga maji kila unapoifungua. Mimi nilikuwa na mbili za mwanzo. Mtu mwenye paipu nzima, kibomba safi na gari linalotulia, aniulize kwa nini aguse, sina jibu la kumpa. Kuziba sikupendekezi kwa gari lolote.

Ukiamua kupitisha pembeni, fanya injini ikiwa imelala usiku kucha. Fungua kifuniko cha rejeta, weka beseni chini, toa paipu zote mbili kutoka kwenye throto. Usiunganishe mipira ya zamani kwa kipande cha bomba la plastiki la maji ya nyumbani, nimeliona hilo na limeyeyuka. Tumia paipu moja mpya ya hita, kwangu ilikuwa ya milimita 8, kutoka chanzo hadi mwisho, bila kiungo katikati. Paipu ya petroli ya kipenyo hicho hicho inafanana nayo dukani, lakini haikutengenezwa kwa kulanti ya moto, basi soma maandishi yake kabla hujalipa. Ipitishe mbali na tabo na ekzosi, isikunjike kwenye kona.

Kisha jaza, na uwe mvumilivu. Injini za Subaru hushika upepo ndani ya njia ya maji kwa ukaidi. Weka hita ya ndani kwenye moto wa mwisho, washa gari kifuniko kikiwa wazi, acha mapovu yatoke, ongeza kulanti taratibu, ufunge kabla maji hayajaanza kuchemka, usubiri hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Hewa ya hita ikitoka baridi ilhali geji iko katikati, bado kuna upepo, rudia baada ya injini kupoa. Hifadhi mipira na klipu za zamani kwenye mfuko, uandike jina la gari, maana atakayelinunua baadaye anaweza kulipeleka mahali penye baridi kuliko Kabale.

Asubuhi tatu mfululizo baada ya hapo, kabla ya kuwasha, fungua boneti uangalie alama ya maji kwenye chupa ya akiba. Yangu ilishuka kidogo asubuhi ya kwanza, unene wa sarafu, nikaongeza. Ya pili ilikuwa palepale. Ya tatu nilipitisha kidole chini ya klipu zote mbili, kikatoka kikavu, nikafunga boneti nikaenda kazini.